Kokugonza na Noti za Malkia

Mushumbusi wa Kamachumu alitembea na mali yake yote kifuani kwa miaka kumi na sita, na hakuna mtu aliyemdharau kwa jambo hilo kama mkewe, Kokugonza.

Mali yenyewe ilikaa ndani ya koti. Lilikuwa koti zito la kaki ambalo Mushumbusi alilinunua kwa askari mmoja aliyerudi kutoka vita vya Burma. Mwaka 1951 alimwamuru mkewe alishonee mifuko ya amerikani kwa ndani, minne, kila upande miwili. Baada ya hapo alijifunza kushika sindano mwenyewe, ili mwanamke asijue kinachoongezeka. Alilivaa koti hilo kanisani, kilabuni, shambani na msibani, kiangazi na masika. Lilinuka jasho, moshi na rubisi, pombe ya ndizi. Akiinama, makaratasi yalilia ndani, kwa hiyo aliacha kuinama. Kahawa yake ilichumwa na wengine, naye akasimama kando akisema mgongo unamsumbua. Shangazi yake alipofariki Karagwe hakwenda kumzika, kwa sababu njia inapita porini na porini kuna watu.

Benki ilikuwapo Bukoba mjini. Alikwenda mara moja, mwaka 1953, na Mzungu aliyesimama mlangoni akamwambia avue kofia. Mushumbusi alivua, akahisi watu wote wanautazama upara wake, akageuka na kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo alisema benki ni mahali pa watu wasio na kwao.

"Mwanaume anayempa mwenzake amshikie pesa," alikuwa akisema kilabuni, "mwisho atampa amshikie na mke."

Watu walicheka, maana rubisi ilikuwa yake.

Kokugonza alikuwa binti wa mkulima wa Ijumbi, mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache. Alisoma madarasa mawili kwa masista, akajua kuandika jina lake na kufuata kitabu cha sala. Alikuwa mwaminifu kwa mumewe, na kwa miaka ya mwanzo alidhani zile pesa zinawekwa kwa ajili ya kitu fulani: nyumba ya bati, ng'ombe, shule ya watoto. Mtoto wao wa kwanza, Buberwa, alipochaguliwa kuendelea na masomo, Kokugonza alimfuata mumewe uani akamwomba karo.

"Sina pesa," Mushumbusi alisema, na koti likalia alipoinua mkono kusema hivyo.

Kokugonza alichukua jembe akaenda kwenye rweya, ile ardhi ya nyasi nje ya migomba ambako wanawake hulima vyao, akalima njugu mawe. Alisuka mikeka. Alitembea nayo kichwani mpaka Muhutwe, akaiuza, akamlipia Buberwa miaka yote mpaka kijana akapata kazi ya meli Mwanza. Karo hiyo ingetoka kwenye mfuko mmoja wa koti, na mfuko usingejua kama umepungua.

Hapo ndipo alipoanza kumdharau. Haikuwa dharau ya kelele. Alimpikia, alimfulia kila kitu isipokuwa koti, alimwita Baba Buberwa kwa heshima zote. Lakini alipomtazama akipita uani kwa hatua zake za tahadhari, kama mtu aliyebeba mayai, aliona hamali. Tena hamali wa mjini hutua mzigo jioni, akalipwa, akaenda kunywa chai. Huyu wa kwake hakulipwa wala hakutua.

Mushumbusi naye alikuwa na watu wengi wa kudharau. Aliwadharau waliosoma, aliwadharau wanawake, aliwadharau wauza duka. Zaidi ya wote aliwadharau watwarwa wake. Babu yake alikuwa amepewa nyarubanja na mtawala wa zamani, yaani eneo la vibanja vya migomba ambamo watu wengine, ndio watwarwa, waliishi na kulima, lakini kwa kumtolea mwenyewe ndizi, pombe na sehemu ya kahawa. Kufikia zamani za Mushumbusi walikuwa wamebaki watwarwa sita. Mmoja wao, Karugendo, alikuwa mtu mpole aliyekuja kila msimu na mkungu mkubwa begani, akapiga goti mlangoni pa mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi. Karugendo alikuwa na mwana, Anatory, na kila senti aliyobakiza aliipeleka shuleni kwa huyo Anatory.

"Unamfundisha kusoma ili ahesabu mikungu anayoniletea?" Mushumbusi alimwuliza siku moja.

Karugendo alitabasamu akatazama chini. Kokugonza alikuwa pale akimenya ndizi, akaona tabasamu lile, akajua si la unyonge kama mumewe alivyofikiri.

Miaka michache baada ya Uhuru, serikali ilitunga sheria ya kuumaliza unyarubanja. Watwarwa wakawa wenye vibanja vyao. Msimu uliofuata Karugendo hakuleta mkungu. Mushumbusi alikaa mlangoni siku tatu akimngoja, amevaa koti lake, kisha akasema ile si serikali, ni watoto wanacheza.

Watoto hao wakatoa pesa zao. Mwaka 1966 zilikuja noti mpya za Tanzania, na zile za zamani za Afrika Mashariki, nyingine zikiwa bado na kichwa cha malkia wa Uingereza, zikaachwa zitumike kwa muda. Mwaka 1967 tangazo likatoka: mwisho wa noti za zamani ni katikati ya Septemba. Redio ilitangaza, karani wa chama cha kahawa alitangaza, padri alitangaza baada ya misa, mara tatu, Jumapili tatu.

"Leo wanabadili pesa, kesho watabadili jua," Mushumbusi alisema walipokuwa wakitoka kanisani. "Malkia wa Uingereza hawezi kuwa karatasi tupu kwa sababu ya kijana mmoja wa redio."

Hata hivyo wasiwasi ulimwingia. Mwezi wa nane alimwambia mkewe wajiandae, wanakwenda Bukoba. Waliteremka kwa miguu mpaka Muhutwe, wakapanda basi. Mushumbusi alikaa kiti cha mwisho, mgongo umegusa bati, mikono amekunja juu ya kifua. Jua lilikuwa kali na madirisha hayakufunguka vizuri. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, lakini hakufungua kifungo hata kimoja.

Benki ilijaa. Watu walikuja na makopo, vitambaa, vibuyu, hata chungu. Foleni ilisogea taratibu, na Mushumbusi alipofika dirishani alikuta upande wa pili kijana mwenye shati jeupe na tai ya buluu.

"Shikamoo, Tata," kijana alisema, akimwita baba kwa Kihaya.

Alikuwa Anatory, mwana wa Karugendo.

"Marahaba," Mushumbusi alijibu kwa shida. "Wakubwa wako wako wapi?"

"Mimi ndiye ninayepokea, Tata. Lete zote, nitazihesabu mbele ya macho yako. Kisha utatia kidole hapa." Akasogeza karatasi na pedi ya wino.

Mushumbusi aliitazama ile pedi. "Nitie kidole mbele yako?"

"Au utie sahihi, Tata. Ukiweza."

Labda kijana hakukusudia ubaya. Lakini mtu mmoja nyuma kwenye foleni alikohoa kikohozi cha kucheka, na wengine wakageuka.

"Baba yako alinisalimu kwa magoti," Mushumbusi alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Ndizi zake nilizila mimi kabla wewe hujaonja. Leo unataka kidole changu?"

Anatory hakukasirika. "Baba hajambo, Tata, na husema nikikuona nikusalimu. Watu ni wengi. Nihesabu?"

Mushumbusi alifunga kifungo cha juu, kile ambacho huwa hakifungi, akatoka nje.

Mchana huo walikula Kitendaguro kwa Alistidia, dada yake Kokugonza. Mushumbusi alikula na koti. Kokugonza alingoja mpaka amemaliza kunawa, akasema, "Nipe mimi nizipeleke. Wewe kaa hapa kwa shemeji yako. Saa moja tu."

"Mwanamke abebe pesa ya mwanaume? Utafika wapi nazo?"

"Dirishani."

"Mama Buberwa, usinivunjie heshima mbele ya shemeji."

Alistidia alikuwa akikusanya sahani. Alimtazama dada yake, akatazama lile koti lililofungwa mpaka shingoni, akaingia jikoni kwa haraka, na Kokugonza akasikia akicheka huko kwa kuziba mdomo.

Walirudi Kamachumu na pesa zote. Wiki zikapita. Mfanyabiashara mmoja alipita vijijini akinunua noti za zamani kwa nusu ya thamani, na Mushumbusi akamfukuza, akisema hawezi kuuza pesa kama mtu anayeuza mbuzi mgonjwa. Benki hakurudi. Kila Kokugonza alipotaja siku zilizobaki, alijibu kwamba serikali itaongeza muda. Serikali yenyewe inaogopa watu wenye pesa.

Zilipobaki siku chache, malaria ilimwangusha. Siku ya kwanza alitetemeka ndani ya koti. Siku ya pili alianza kuweweseka, akimwita Karugendo alete mkungu. Kokugonza alichemsha maji, akakaa kando ya kitanda na kitambaa, akajaribu kumpangusa kifua. Koti lilikuwa limelowa kama limetolewa mtoni. Akamfungua vifungo kimoja baada ya kingine, akamvua mkono wa kulia, akamgeuza, akamvua wa kushoto. Mushumbusi hakujua. Bila koti alikuwa mtu mdogo, mbavu zinahesabika, ngozi ya kifua imechubuka mahali mifuko ilipokuwa ikisugua.

Kokugonza alimwosha, akamfunika blanketi kavu, akampa dawa ya homa. Kisha alilichukua koti mpaka uani kwenye mwanga, akakaa chini, akafumua mishono kwa kisu cha kumenyea ndizi.

Mifuko haikuwa minne tena. Ilikuwa kumi na mmoja, mingine imeshonwa juu ya mingine, kwa uzi mnene na mkono mbaya. Akatoa noti za ishirini, noti za mia, za kumi, za tano. Nyingine zilikuwa zimegandana kuwa bunda moja gumu. Nyingine zilikuwa na ukungu mweusi, na uso wa malkia ulikuwa umeliwa upande mmoja. Harufu yake ilikuwa ileile aliyolala nayo kwa miaka kumi na sita, ila kali zaidi. Kulikuwa na noti zilizovunjika kama majani makavu alipojaribu kuzitenganisha.

Alizitandaza juu ya mkeka, akaweka mawe madogo juu yake zisipeperuke, akaziangalia zikikauka. Hakulia na hakushangaa. Aliwaza juu ya njugu mawe, magunia mangapi, na jinsi mgongo ulivyomuuma miaka ile. Aliwaza juu ya nyumba ya nyasi inayovuja mlangoni. Kisha akatazama ndani kwa mtu aliyelala, na kama kulikuwa na heshima iliyobaki, iliondoka pale uani.

Asubuhi ya Ijumaa alimwomba jirani amwangalie mgonjwa. Alizifunga noti kwenye kitambaa, akazijaza chini ya kikapu, akafunika kwa majani ya mgomba, akapanga juu yake samaki wakavu alionunua sokoni. Akaanza kuteremka kwenda Muhutwe.

Mwanzoni aliogopa. Mumewe alikuwa amemjaza hofu kwa miaka yote hiyo: wezi wanaijua pesa kwa kunusa, wanaiona machoni pa mtu. Kila aliyepishana naye alimsalimu, naye akajibu. Mzee mmoja aliuliza bei ya samaki. Alipofika kwenye mteremko wa pili, hofu ikawa imeisha. Ulikuwa mzigo tu, mwepesi kuliko njugu, mwepesi kuliko mtoto. Akajiuliza mtu mzima anawezaje kuacha kumzika shangazi yake kwa sababu ya kitu chepesi kiasi hiki.

Benki alisubiri mpaka saa sita. Anatory alipomwona alisimama.

"Shikamoo, Mama. Tata hajambo?"

"Anaumwa. Nimekuja na zile."

Alitoa samaki, akatoa majani, akaweka furushi dirishani. Harufu ilimfanya karani wa dirisha la pili kugeuza uso. Anatory hakugeuza. Alizitenganisha moja moja kwa ncha za vidole, akaweka kando zile ambazo namba zake zilikuwa zimeoza kabisa. Zilizokubalika zilikuwa elfu nane na mia saba. Zilizokataliwa zilijaza sahani.

"Hizi siwezi, Mama. Namba hazionekani."

"Zitupe."

"Nyingine nikupe mkononi, au nikuandikie kitabu?"

"Kitabu."

Anatory alichukua kalamu. "Niandike jina la nani?"

Nyuma ya Kokugonza foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja alikuwa anagonga kopo lake kwa ukucha.

"Andika Kokugonza," alisema.

Anatory aliandika bila kuinua macho. Akamsogezea karatasi na pedi ya wino. Kokugonza alisukuma pedi pembeni, akaomba kalamu, akaandika jina lake, herufi moja moja kama masista walivyomfundisha.

Habari ilifika Kamachumu kabla yake, maana kwenye foleni ile kulikuwa na watu wa kwao. Jumapili baada ya misa, ndugu wa mumewe walikaa kikao nyumbani kwake bila kumwuliza. Aliyeongoza alikuwa Lwakatare, mdogo wake Mushumbusi, mtu mwenye sauti nene na viatu vya kuazima. Kando yake alikaa Kaijage, katekista, na wazee wengine watano. Mushumbusi alikuwa chumba cha ndani, homa imeshuka, lakini hawezi kusimama. Alikuwa ameshaulizia koti, na Kokugonza alikuwa amemletea, limefuliwa, jepesi. Alilipapasa, akalalia ubavu akatazama ukuta.

"Mke wetu," Lwakatare alisema, "umechukua mali ya ukoo huu ukaiandika jina lako. Katika nchi hii hatujawahi kuona jambo hilo."

"Mlikuwa mmeona pesa zikioza?" Kokugonza aliuliza.

"Usijibu maswali kwa maswali. Mwanamke akibeba pesa za mumewe njiani, hiyo ni aibu. Hata akizifikisha, ni aibu."

Kaijage aliongeza kwamba hata katika maandiko mwanamke hakupewa kazi ya kushika fedha. Hakusema ni andiko gani. Mzee mmoja alisema mwanamke wa namna hiyo arudishwe kwao Ijumbi. Waliongea mpaka rubisi ya Kokugonza ikaisha, wakaondoka wakiwa wamekubaliana kukutana tena.

Jumatatu mchana, saa ambayo watu wako shambani, Kaijage alitokea kwa nyuma, kupitia migombani, na kitu ndani ya shati.

"Mama Buberwa," alisema kwa sauti ya chini, "utakwenda tena mjini kabla ya Alhamisi?"

"Nikafanye nini?"

Akatoa kopo la kahawa lililofungwa kwa mpira. "Ni kidogo. Ni za miaka mingi. Mimi nikienda watu watauliza katekista amepata wapi."

"Jana ulisema nini, Mwalimu?"

"Jana ilikuwa kikao," alisema Kaijage.

Kokugonza aliendelea kupepeta maharage mpaka ungo ukawa safi. "Zunguka," alisema. "Pita mlango wa mbele. Keti kitini, useme unachotaka, Baba Buberwa akisikia."

Kaijage akazunguka. Aliketi, akasema, kwa sauti iliyotoka kwa shida, kwamba anamwomba mke wa Mushumbusi ambebee pesa zake mpaka benki. Katika chumba cha ndani kitanda kililia mara moja.

Kabla ya jioni walikuwa wamekuja wote saba. Kila mmoja alipitia nyuma na kila mmoja alizungushwa mbele. Mmoja alikuwa na soksi imejaa noti. Mwingine alileta Biblia yenye noti katikati ya kurasa. Lwakatare alikuja wa mwisho, na zake ndizo zilikuwa nyingi kuliko za wote, mtu ambaye mwaka ule ule alimwomba Kokugonza amkopeshe chumvi.

"Utanipa karatasi?" Lwakatare aliuliza.

"Sikupi karatasi. Ukitaka karatasi, panda basi mwenyewe."

Lwakatare alitazama viatu vyake. Akaacha furushi juu ya meza.

Kokugonza alitaka shilingi moja kwa kila shilingi mia, na nauli. Wakakubali haraka, na haraka ile ndiyo iliyomfanya awadharau zaidi kuliko maneno ya kikao. Kama wangemkasirikia, kama mmoja angesema hapana, angemheshimu.

Jumanne alipanda basi Muhutwe akiwa na zaidi ya shilingi elfu ishirini chini ya samaki. Kiti cha pembeni yake alikaa bwana mmoja mwenye suruali iliyopigwa pasi, mfanyakazi wa ofisi fulani ya serikali, amekumbatia mkoba mweusi wenye kufuli. Tangu alipoketi alikuwa ameziba pua.

"Mama, samaki hao ungewaweka juu ya basi," alisema.

"Wataanguka, mwanangu."

"Basi wasogeze. Nina vitu vya maana hapa."

Kokugonza alisogeza kikapu mbele kidogo. Nafasi ilikuwa ndogo, na bwana yule hakuwa na mahali pa mguu. Baada ya Kemondo aliuinua mguu wake, akaweka kiatu juu ya ukingo wa kikapu, kisha, barabara ilipozidi kuwa mbaya, akakiweka juu ya majani kabisa, juu ya pesa za ukoo mzima wa Mushumbusi. Kokugonza alikitazama kiatu. Kilikuwa kimepakwa dawa vizuri. Kila basi liliporuka, bwana yule alifunika mkoba wake kwa mikono miwili na kumtazama yeye, kama vile mama wa samaki angeweza kuunyakua akatoroka nao dirishani.

"Mkoba huo una nini, mwanangu?" aliuliza.

"Si mambo yako."

"Naona unauogopa."

Walipofika Bukoba yule bwana alishuka wa kwanza, akimsukuma. Mkoba ulimgonga mlangoni, kufuli likafunguka, vikaanguka kitana, gazeti na nusu mkate. Kokugonza alimwokotea kitana.

Alirudi Jumatano na noti mpya, kila mtu na zake kwenye kitambaa chake. Wote saba walimngoja, safari hii kwa mbele, uani, wamevaa vizuri. Aliwagawia wamesimama. Hakuwakaribisha kukaa, na rubisi hakutoa. Habari ya kurudishwa Ijumbi haikutajwa tena, wala kikao cha pili hakikukaa.

Mushumbusi alipopata nguvu alikwenda Bukoba peke yake. Hakwenda kuulizia kitabu. Alikwenda kumwambia Anatory amrudishie noti zake za malkia. Anatory alimtolea kiti, akamweleza kwamba zimeshafungwa pamoja na nyingine na kupelekwa kuteketezwa, na kwamba fedha yake iko salama. Alimwita Tata kila baada ya sentensi. Mushumbusi alikaa kwenye kiti kile mpaka benki ilipofungwa, mlinzi akamshika mkono kumtoa. Nauli ya kurudi hakuwa nayo. Alilala Kitendaguro kwa Alistidia, ambaye alimpa shilingi tano kesho yake, na kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye adabu hakumwuliza lolote.

Kuanzia hapo Kokugonza alimpa mumewe pesa za matumizi kila mwanzo wa mwezi. Aliziweka mezani, kando ya chai. Alinunua mabati. Alilipa karo ya watoto wawili wa mwisho, binti na mvulana, wote sawa. Mushumbusi alisema mabati yanapiga kelele mvua ikinyesha, akalala chini ya mabati.

Miaka ya ujamaa ilipokuja, kijiji kikafungua duka lake na mfuko wake, na Kokugonza akawa ndiye wa kwenda benki. Hapakuwa na uchaguzi. Katibu alikuwa na baiskeli na diploma, lakini aliogopa, na wanakijiji walimwogopa katibu. Mwanamke yule alibeba pesa za kahawa za nusu ya Kamachumu, msimu baada ya msimu, chini ya samaki, chini ya maharage, mara moja chini ya kuku aliye hai. Hakuibiwa hata siku moja. Wenzake walipomwuliza dawa anayotumia, alisema hakuna dawa. Watu hawamtazami mwanamke mwenye kikapu, na wasiotazama hawaoni. Alisema hivyo kwa dharau ya kawaida, bila uchungu, kama mtu anayeeleza tabia ya mbuzi.

Mwaka 1973 Karugendo alifariki. Kamachumu yote ilikwenda kuzika, kwenye kibanja chake mwenyewe, chenye migomba mizito na mibuni iliyopandwa kwa mistari. Anatory alikuja na mke na watoto, akapokea watu mlangoni. Mushumbusi alisema hawezi kwenda kumzika mtwarwa wake. Alikaa nyumbani, kwenye kiti, amekielekeza mlangoni, kwa sababu aliamini watamtuma mtu kuja kumwita. Mwenye nyarubanja hakosi kuitwa.

Kokugonza alikwenda. Alitoa rambirambi, akasaidia kupika, akakaa na wanawake siku mbili. Aliporudi alimkuta mumewe amekaa palepale.

"Walisema nini juu yangu?" Mushumbusi aliuliza.

Kokugonza alishusha mzigo, akafungua kanga kichwani.

"Hakuna aliyekutaja."

"Hata Lwakatare?"

"Hata yeye."

Mushumbusi alipapasa ukingo wa kiti. "Anatory je? Hakuuliza niko wapi?"

"Hakuuliza," Kokugonza alisema, akaenda jikoni kuwasha moto, maana mtu yule alikuwa hajala tangu asubuhi na asingeweza kujipikia.